Malazi yetu Uswisi: tuamue kabla ya Ijumaa

Habari za jioni ndugu zangu. Kwa siku tatu tu tulizonazo, naona tusilale Interlaken. Ni mji mzuri na una maduka, lakini kila asubuhi tutapanda treni kwenda milimani na jioni kurudi. Muda utaishia njiani.

Napendekeza Wengen, kijiji cha mlimani, mita 1,274 juu ya usawa wa bahari. Magari yetu hayafiki huko: tutayaacha kwenye maegesho ya stesheni ya Lauterbrunnen, kisha tupande treni inayokwea mlima kwa reli yenye meno. Kwa hiyo jamani, mabegi ya mgongoni, si masanduku makubwa. Na watoto watacheza nje roho zetu zikiwa zimetulia.

Mürren nako kunapendeza mno, mita 1,638, ila kufika kupitia Lauterbrunnen ni kushuka huku na kupanda kule, na bibi yetu magoti yanamsumbua. Lauterbrunnen kwenyewe ni bondeni. Maporomoko ya Staubbach, karibu mita 300, yanamwagika pembeni kabisa ya nyumba, lakini majabali ya pande zote mbili huchelewesha jua.

Natafuta fleti yenye jiko, maana mikahawa ya Uswisi ni ghali kwelikweli. Mchele na tui la kopo nitabeba mimi. Bei nitakazowaletea zitakuwa pamoja na kodi ya wageni ya kila usiku, ambayo mara nyingi hutozwa kando.

Andikeni hapa: Wengen au Mürren? Mwenye shida ya fedha anitumie ujumbe faraghani, tutapanga.