Hatukuwa vibaraka wa Mashariki

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu sera yetu ya nje baada ya Uhuru imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anadai Tanzania ilikuwa ya kambi ya Mashariki, na kwamba kutofungamana na upande wowote kulikuwa maneno ya jukwaani tu.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Kwenye zoezi la historia waliulizwa nchi yetu ilikuwa upande gani katika Vita Baridi. Akajibu hakuna, maana ndivyo nilivyomfundisha. Akawekewa kosa kwa wino mwekundu. Nikaenda shuleni mwenyewe. Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akanitolea ushahidi: ukurasa wa gazeti lako, umekunjwa mara nne ndani ya daftari la maandalio ya somo. Nilirudi nyumbani chakula hakipiti.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakifundishwa ufundi wa ndege na Wajerumani wa Magharibi. Daftari lake ninalo. Limejaa michoro ya penseli, kila kifaa kina jina la Kijerumani na chini yake Kiswahili alichokitafuta mwenyewe, halafu katikati ya mchoro mmoja kazi inakatika, na kurasa zinabaki nyeupe hadi kwenye jalada. Zile kurasa nyeupe zina sababu, Mhariri. Zanzibar baada ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani ya Mashariki. Ulipokuja Muungano, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani ya Magharibi, ikataka ubalozi wa wale wa Mashariki kule Zanzibar ufungwe kabisa. Mwalimu Nyerere akasema utashushwa uwe ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kuitambua Ujerumani ya Mashariki kuwa dola. Mashariki hawakupata walichotaka, Magharibi nao hawakuridhika. Mwaka 1965 Bonn ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ili tutishike, na Mwalimu akawajibu wachukue na misaada mingine ya serikali yao. Waliokuja kuendelea na mafunzo ya marubani na mafundi ni Kanada, mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa Magharibi! Mwaka huohuo, tarehe 15 Desemba, tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ilimwacha Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, ajitangazie uhuru wao Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, nchi ina miaka minne tu tangu Uhuru. Kibaraka gani hulipa gharama namna hiyo kutoka mfukoni mwake?

Mimi naishi Makambako. Reli ya TAZARA inapita hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na Wachina tuliwaendea baada ya Magharibi kusema reli hiyo hailipi. Barabara kuu ya Zambia nayo inapita hapahapa, na sehemu yake ilijengwa kwa fedha za Marekani. Njia hiyohiyo inafuatwa na bomba la mafuta la TAZAMA, kazi ya Waitalia, lililokamilika mwaka 1968. Mwandishi wenu angepanda basi moja tu kuja huku.

Na nafasi mnayo. Jumapili hiyohiyo mikeka ya kubashiri mpira ilichukua kurasa mbili nzima, historia ya nchi ikapewa nusu ukurasa pamoja na tangazo la magodoro. Wajukuu zetu wanajua timu za Uingereza hadi wachezaji wa akiba, lakini hawajui kwamba tuliwahi kuvunja uhusiano na Uingereza yenyewe.

Naomba marekebisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na kila tarehe 15 Desemba mchapishe orodha ya tulivyovikosa kwa kukataa kuamriwa. Nakala ya kwanza nitampelekea mwalimu kwa mkono wangu. Daftari la baba nitalileta mlipige picha, ila halilali ofisini kwenu.

Msomaji wenu,
Makambako