Mafundi, tutazame kompyuta inagandia wapi kabla ya kupiga windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta hapa Kigoma, na zaidi niseme na wateja wetu. Kuna tabia imeota mizizi vibandani. Kompyuta ikiletwa inaganda wakati wa kuwaka, jibu linatoka hata kabla haijachomekwa kwenye umeme: "Windows imekufa hiyo, tuipige upya." Kupiga windows, yaani kuweka upya programu kuu inayoendesha kompyuta, kwa pupa kunafuta mafaili, na mafaili ndiyo mali ya mteja.

Majuzi mweka hazina wa kikundi cha kinamama wauza dagaa wa Kibirizi aliniletea kompyuta yake ya mezani na kila kinachoendana nayo. Ilikuwa inaganda kwenye nembo ya kampuni, ile inayotokea ukishabonyeza tu kitufe. "Mwanangu," akaniambia, "nimeshaambiwa nikubali kupoteza kila kitu." Humo ndani mna hisa na mikopo ya wanachama wote.

Nembo ile inapoonekana, mashine bado inajikagua: ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kibodi, diski, na chochote kilichochomekwa. Mara nyingi zamu ya windows inakuwa bado haijafika. Niliunganisha kila kitu kama kinavyokaa mezani kwake, nikaanza kuchomoa kimoja kimoja. Printa, bado imeganda. Nikafika kwenye diski ya nje anayotunzia nakala. Taa yake imetulia haipepesi, na ukisogeza sikio unasikia tik, tik, tik. Nilipoichomoa na kuwasha upya, windows ikafunguka na hesabu zote zipo. Diski iliyokufa ni ile aliyoitegemea kama akiba! Nikamnakilia mafaili kwenye flashi mpya palepale, mama akiangalia.

Si kila kompyuta hupona kirahisi hivyo. Ikiwa skrini ni nyeusi na mashine inalia pii pii, anza na ram: zima, chomoa waya wa umeme, toa ram, safisha meno yake kwa kifutio, jaribu moja moja. Ikishavuka nembo na kugandia kwenye vile vidoti vinavyozunguka, hapo windows inaweza kushukiwa, ila hata diski inayokufa hugandisha hapohapo. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo unaweza kuingia hali salama, ambamo windows huwaka na vitu vya lazima tu. Ikiwaka vizuri huko, chunguza draiva (programu inayoendesha kifaa kama printa) au programu iliyoongezwa karibuni. Umeme uliokatika katikati ya masasisho nao huacha windows nusu nusu, na sisi tulioishi enzi za majenereta kabla ya gridi ya Taifa tuliyaona hayo sana.

Diski ikifanya kazi polepole kupita kawaida au inagonga, tafadhali msiilazimishe matengenezo. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya windows, kama Ubuntu ambayo ni ya bure, hamisha mafaili kwanza, mengine yafuate.

Nasema haya sasa kwa sababu tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naona wateja wengi wanaohimizwa kuhamia Windows 11, na kufuta kumekuwa rahisi mno.

Ndugu mteja, kabla hujakubali, muulize fundi: inagandia wapi, na mafaili yangu umeyanakili wapi? Akuonyeshe, uyafungue mwenyewe mawili matatu. Na akikwambia diski imekufa, dai akurudishie hiyo diski mkononi, usiiache kibandani. Mwenye vifaa vya kuokoa data anaweza bado kupata kitu humo.

Fundi kompyuta,
Mwanga, Kigoma