Nyaya za Piassa mlizifuta za nini?

Mhariri, salaam kwako na kwa dawati lako la picha, ambalo leo ndo nimekuja kulilalamikia. Kwenye ukurasa wa safari wa Jumapili mmetoa picha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu George la Addis Ababa, mtaa wa Piassa, lile la Waorthodoksi ambalo wenyeji wanaliita Giyorgis tu. Limechukua nusu ukurasa, limesimama peke yake utadhani limejengwa porini, mbingu bluu haina hata ndege, hakuna nguzo hakuna gari hakuna mtu, na chini mmeandika "utulivu wa kale". Ni picha nzuri, sikatai. Ila mimi nakula kwa kamera, wiki nzima niko na maharusi na vipaimara, na kitu kikifutwa kwenye picha nakiona hata ukinipa kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Hebu itazameni tena. Ukutani kulia, chini ya dirisha, nyaya zimeondoka lakini vivuli vyake vimebaki vimelala kwenye mawe. Na pale kwenye ngazi kuna pindo la shuka jeupe halina mwenyewe. Yule alikuwa mama wa watu amejitanda netela yake, lile shuka jeupe la Kihabeshi, kaja kusali, mmemfuta mwili mkamwachia pindo!

Sasa Wabongo wengi tunaijua Addis ya uwanja wa ndege tu, unashuka unapanda nyingine unaenda zako Guangzhou au Dubai. Mimi niliwahi kulala pale nikasema asubuhi lazima nifike Giyorgis. Mwenyeji wangu akaniambia tukutane saa moja, na ikawa ni saa moja hii hii yetu, maana Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, jua linachomoza saa kumi na mbili, basi Wazungu pale hotelini ndo walikuwa wanahangaika kujumlisha sita. Tukatoka na kibaridi chake, mji uko juu zaidi ya mita 2,300, jua likitoka linatoka kali mara moja na usipowahi vivuli vinakuwa vyeusi tii, hasa na lile jiwe la kijivu la kanisa.

Tulipofika getini sikuona huo utulivu wenu. Kuna vile vidaladala vya bluu na nyeupe, konda ananing'inia mlangoni anaita abiria, dereva akifika usawa wa kanisa anapunguza mwendo, anafanya ishara ya msalaba, halafu hapo hapo anamlalia mwenzie honi. Watu wanaowahi kazini wanasimama kwenye uzio, wanainama, wengine wanabusu nguzo ya geti kisha wanaendelea na simu zao sikioni. Na siku ya 23 ya kila mwezi wa kalenda yao, ambayo ndo siku ya Giyorgis, eneo lote linajaa mashuka meupe. Sasa niambie hiyo unaipigaje picha bila mji?

Halafu kuna hili la ufundi, wasomaji wanaopenda kamera watanielewa. Lile kanisa lina pembe nane, kwa hiyo halina ule uso mmoja mkubwa kama makanisa yetu, unalizunguka unatafuta mbele iko wapi, miti nayo imelisogelea. Ukiwa ndani ya uzio utapata kipande. Ukitaka lote urudi nyuma, na ukirudi nyuma tayari uko barabarani, unakutana na sanamu ya mfalme wao wa zamani Menelik juu ya farasi wake na magari yanamzunguka, na chini ya huo uwanja ndo walikochimba stesheni ya treni ya mjini iliyofunguliwa 2015.

Na historia yenyewe wala sio ya utulivu jamani. Ujenzi ulianza 1896, mwaka ule ule Menelik aliowapiga Waitaliano pale Adwa, na inasimuliwa kwamba mateka wa Kiitaliano ndo walibebeshwa kazi. Malkia Zewditu alitawazwa hapo 1917, Haile Selassie naye tarehe 2 Novemba 1930, ndo maana Marasta wanatoka mbali kuja kupaona. Mwaka 1937 Waitaliano walipokuwa wameishika nchi wakalichoma moto, likaja kutengenezwa baada ya wao kufukuzwa 1941. Ndani kuna kazi za mchoraji wao Afewerk Tekle, yule yule aliyetengeneza vioo vya rangi vya Africa Hall, jengo ambalo kina Mwalimu walikaa 1963 kuanzisha OAU, ule umoja wa nchi za Afrika. Kanisa lenye mambo yote hayo nyinyi mnalipa caption ya mahali pa kupumzikia!

Lakini kinachoniuma zaidi ni Piassa. Huo ndo mtaa wenyewe, mtaa wa zamani wa maduka ya dhahabu na mikahawa na nyumba za mbao zenye vibaraza, na mwaka 2024 sehemu kubwa imevunjwa kupisha barabara pana na majengo mapya, mwaka huo huo jumba jipya kubwa la kumbukumbu ya Adwa likafunguliwa jirani hapo. Kwa hiyo aliyepiga Giyorgis miaka kumi iliyopita akaacha vibanda na nyaya na mabati nyuma yake, leo ana kitu ambacho hakipatikani tena, na yule aliyekata akabakiza kanisa tupu ana picha ambayo hata kesho unaenda kuipiga. Kanisa bado lipo pale pale. Kilichoondoka ni hicho mnachokiita uchafu wa picha.

Tusiende mbali, St. Joseph hapa Dar ni rika lake, lilianza kujengwa 1897. Nikipeleka bwana harusi na bibi harusi pale, neno la kwanza ni "kaka utanifutia yale maghorofa eeh, na zile bajaji". Mteja namfutia, amelipa na picha ni ya sebuleni kwake. Gazeti sio sebule ya mtu, gazeti ndo wajukuu watalifukunyua wajue mji ulikuwaje.

Sisemi kila kitu kipigwe, la hasha. Ibada ikiwa inaendelea weka kamera chini, ukiingia ndani vua viatu, kule patakatifu ambako wanaingia makasisi tu usielekeze hata lenzi, na mtu anayesali muombe kwanza au mpige kwa mbali asijulikane. Akikataa usimpige. Hiyo ya kumpiga kisha ukamfuta sijui ni adabu ya wapi.

Ombi langu ni dogo. Kama mpiga picha wenu bado anayo ile faili ya mwanzo, iwekeni toleo lijalo na nyaya zake zote, hata ikiwa ndogo kule pembeni ya matangazo ya vifo, na yule mama mrudishieni mwili wake.

Mpiga picha wa harusi, Temeke, Dar es Salaam