Mfupa wa kaka umehifadhiwa

Mama, shikamoo.

Jana simu ilikatika ukiniuliza kama ni madaktari waliomtia kaka kiharusi walipompasua kichwa. Najua si wewe peke yako unayewaza hivyo. Nimeona niandike, maana kwenye simu nalia kabla sijafika popote.

Alipofikishwa hospitali baada ya ile ajali hakufumbua macho wala kutamka neno. Wana kipimo cha fahamu, kinaanzia 3 hadi 15, na kuanzia 8 kushuka jeraha huhesabiwa zito. Yeye alipata 6. Picha zilipigwa kabla hajaguswa na kisu, nami nilionyeshwa. Damu ilikuwa imevilia ubongoni upande wa kushoto, na mshipa mkubwa wa shingo upande huohuo ulikuwa umechanika kwa ndani. Palipochanika damu iliganda, donge likapanda likaziba njia ya damu kichwani. Kiharusi kilikuja na ajali, Mama. Waambie na wajomba.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba magonjwa haya mawili yanapingana. Donge linataka dawa ya kulainisha damu, lakini ukimpa mtu anayevuja damu kichwani unaweza kumuua. Ikabidi dawa isubiri. Na huku ubongo unavimba, kwa jeraha na kwa kiharusi pamoja. Mguu ukivimba ngozi hutanuka, fuvu halitanuki. Ubongo ukikosa nafasi hujibana wenyewe, hata sehemu nzima zikakosa damu.

Ndiyo maana walitoa ile damu, wakaondoa kipande cha fuvu kipana kuliko kiganja changu, na hawakukirudisha. Kimehifadhiwa kwenye baridi kali hadi uvimbe uishe, pengine miezi kadhaa. Ukiona picha yake usishtuke: upande ule ni ngozi tu, na akianza kuinuka atavalishwa kofia ngumu.

Sahihi niliweka mimi. Daktari hakunificha. Alinitajia utafiti wa 2016 juu ya majeruhi ambao mgandamizo kichwani ulikataa kushuka kwa dawa: baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki kama 27 katika kila 100 waliopasuliwa hivi, na kama 49 kwa waliopangiwa kuendelea na dawa. Ila wengi waliookolewa walibaki wakihitaji kuhudumiwa, na sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuki. Nilisaini nikiyajua yote hayo. Baba angekuwepo, naamini angesaini.

Sasa ameondolewa mashine ya kupumulia. Mkono wa kulia bado umelala. Maneno hayatoki, kwa kuwa upande ulioumia ndio wenye usemi, lakini jana nilimwambia anibane kidole kwa mkono wa kushoto, akabana. Nikarudia, akabana tena.

Nirekodie sauti yako kwenye simu, Mama. Isiwe ndefu, anachoka upesi. Mwite kwa lile jina lake la utotoni, nitamwekea sikioni kesho asubuhi.

Mwanao