Barua za Ncha ya Kusini, Jumamosi msikose

Wadau habari za jioni, Jumamosi tunaongelea barua za wavumbuzi wa Antaktika. Tutaanza na ile Mnorwe Amundsen aliyomwachia Mwingereza Scott, waliyekuwa wakishindana nani atafika kwanza, kwenye hema pale Ncha ya Kusini, Desemba 1911, akimuomba amfikishie mfalme Haakon wa Norway barua yake, yani mshindi anamtuma mpinzani wake awe tarishi, maana hakujua kama yeye mwenyewe atarudi salama. Scott akaichukua Januari 1912, akafia njiani kwenye barafu, Novemba wenzake waliomtafuta wakamkuta nayo, ikawa ushahidi kwamba Amundsen alifika kweli! Barua za mwisho za Scott mwenyewe aliandika kwa penseli, na baadhi zipo Cambridge, Uingereza, kwenye Scott Polar Research Institute, taasisi ya utafiti wa maeneo ya ncha za dunia. Mwenye picha nzuri za mwandiko wake azitupie humu kabla ya Ijumaa jamani, nataka tuuangalie kwa karibu.