Risala ya Klabu ya Malihai kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wa Klabu ya Malihai, klabu ya wanafunzi ya uhifadhi wa wanyamapori, tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunaomba utusikilize kuhusu jirani yetu wa kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ilipandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2005 na ndiyo hifadhi ya taifa ambamo wanyama wa nyikani hufika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi.

Mheshimiwa, wengi wakitajiwa hifadhi hukumbuka simba na tembo, na Saadani wapo, pamoja na twiga, kongoni, kuro na viboko wa Mto Wami. Sisi watoto wa pwani, hata hivyo, tunaona faida yake kubwa iko matopeni, pale Wami unapoingia baharini. Mikoko ya hapo hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo unaoletwa na mto, na katikati ya mizizi yake kamba wachanga na samaki wadogo hujificha wakikua kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Anayenunua kamba mnadani anafaidi hifadhi, hata kama hajawahi kulipa kiingilio getini.

Upande wa Madete, ufukwe ulio ndani ya hifadhi, kasa hupanda mchangani usiku, wakafukia mayai na kurudi baharini. Watoto wao huifuata bahari kwa mwanga wake, hivyo taa kali ya nchi kavu huwapoteza njia. Ndiyo maana klabu yetu huwaelimisha wenzetu wanaoishi jirani na fukwe wasichimbe mayai wala kuacha taa zikiwaka ovyo.

Hatutaki kuficha, Mheshimiwa, kwamba ujirani huu una gharama. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha, na ni vigumu kumhubiria uhifadhi mzazi aliyelala njaa. Tunaomba utusaidie kuhimiza kifuta jasho, yaani malipo ya pole kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, kiwafikie wakulima mapema, na mafunzo ya uzio wa pilipili na wa mizinga ya nyuki wa kuzuia tembo yafike vijijini.

Ombi letu la mwisho ni usafiri. Wanachama wengi wa klabu hawajawahi kuingia Saadani, ingawa watalii hutoka ng'ambo kuja kuiona.

Tunaomba kuwasilisha.