Keria ya Noah: Tuambie Kilo Kwanza, Bei Baadaye

Wiki ya shule kufunguliwa, kiwanja chetu cha kufunga keria za magari hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hujaa tangu alfajiri. Noah, Voxy, Ipsum, na Hiace moja moja, milango wazi, watoto wamekaa juu ya masanduku yao ya bati wakisubiri. Mama ameshikilia godoro lisianguke, baba anazunguka gari akitazama paa. Swali ni lile lile: "Fundi, keria ni bei gani? Nataka ndefu, ibebe kila kitu." Nasi tunamuuliza kwanza: mzee, utapandisha kilo ngapi?

Wengi hunyamaza hapo, na hatuwalaumu. Mtu ananunua gari, anaonyeshwa injini, giaboksi na namba ya kilomita. Habari ya paa haizungumzwi kabisa.

Paa la gari la familia lina kikomo chake cha uzito. Kikomo hicho huwekwa na kampuni iliyotengeneza gari, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Shida yetu huku ni kwamba magari mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na kitabu, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani. Kwa magari ya aina hii kikomo mara nyingi huwa kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Kama huwezi kukijua kikomo cha gari lako, tunakushauri ujihesabie 50 usije ukajuta.

Sasa piga hesabu nasi. Keria ya kuchomelea ambayo watu wengi huomba, urefu mita 2, upana mita 1.2, yenye ukingo pande zote, inakula karibu mita 23 za paipu ya mraba ya inchi moja yenye unene wa milimita 1.5. Kila mita ya paipu hiyo ina zaidi kidogo ya kilo moja. Kwa hiyo kabla hujaweka hata kikapu, paa limeshabeba kilo 25. Kama kikomo ni 50, umebakiwa na 25. Huo ni mkungu mmoja mkubwa wa matoke. Gunia la sukari la kilo 50 halina nafasi huko juu, hata ukilifunga vizuri namna gani.

Ndiyo maana mteja mwenye Noah anayebeba magodoro na masanduku ya watoto mara tatu kwa mwaka, sisi humshauri achukue vyuma viwili vya kukingama vya alumini badala ya keria nzima. Uzito wake wote haufiki kilo 10. Tunapata pesa kidogo kwa kazi hiyo kuliko kwa keria kubwa, lakini gari linarudi salama.

Kuna Noah moja ililetwa kwetu, mwenyewe analalamika kwamba mlango wa pembeni haufungi, unakwama katikati ya reli. Fundi mwingine alikuwa ameshaibadilisha reli na bado mlango ulikwama. Mimi nikapanda kwenye stuli, nikapitisha kiganja juu ya paa. Pale mguu wa nyuma wa keria ulipokaa, bati lilikuwa limebonyea kiasi cha kulaza kidole gumba. Raba ya chini ya mguu ilikuwa imekwisha, chuma kinakaa juu ya bati, na rangi imechubuka mpaka kutu imeanza kuchora mstari mwekundu kuelekea mlangoni. Mwenye gari alikuwa akibeba magunia matatu ya mahindi kutoka shambani kila msimu. Hakuona kitu, kwa sababu nani hupanda kutazama paa la gari lake?

Bati la kubonyea linanyooshwa. Kinachotutia hofu zaidi ni namna gari linavyobadilika barabarani. Kilo 50 zilizo sakafuni na kilo 50 zilizo juu ya paa ni vitu viwili tofauti kwa dereva. Uzito ukipanda, gari linalala zaidi kwenye kona, na linachelewa kurudi wima. Ukitoka hapa kwenda Kampala utapita Bugiri, Idudi, Iganga, Magamaga, na kila kituo kina matuta yake na boda zinazoingia barabarani bila kuangalia. Ukilazimika kukwepa ghafla, mzigo wa juu unalivuta gari upande mmoja wakati wewe unalivuta upande mwingine. Kwa hiyo mpango wetu ni huu siku zote: kizito chini, chepesi juu. Sanduku la vitabu liende ndani, mbele ya buti, karibu na mgongo wa kiti. Godoro, ndoo tupu, mikeka na mifagio viende juu.

Sasa godoro. Watu hulidharau kwa sababu mtoto anaweza kulibeba kichwani. Mimi pia nililidharau. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nampeleka binti yangu shule, godoro la futi 2 na nusu kwa 6 limelala juu, nimelifunga kwa mipira miwili ya tyubu ya baiskeli, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kabla ya Bugiri nikashuka mteremko nikiwa kwenye 90 hivi. Nilisikia kishindo kidogo cha mpira kukatika, kisha kivuli kikapita kwenye kioo cha nyuma. Nilipotazama, godoro lilikuwa limesimama hewani kama mlango. Lilitua barabarani mbele ya boda iliyobeba mama na mtoto. Kijana wa boda akaingia kwenye nyasi. Hawakuumia, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini sijasahau uso wa yule mama.

Upepo ndio uliofanya kazi ile. Kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo unasukuma kila mita moja ya mraba inayoukabili kwa nguvu ya kama kilo 30. Kwenye kilomita 100, ni kama kilo 47. Godoro lile lina karibu mita 1.4 za mraba. Likishainuka mbele na kusimama, linavutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40 kwenye mwendo wa 80, na zaidi ya 60 kwenye mwendo wa 100. Mpira wa tyubu unanyooka, na ukinyooka unaupa upepo nafasi ya kuingia chini. Ndiyo sababu mbele ya godoro ndipo pa kufunga kwa makini kuliko pote, na ndiyo sababu tunashauri likunjwe au livikwe turubai lililobanwa vizuri, pasiwe na mdomo wazi unaoutazama upepo. Punguza na mwendo. Ukiwa na mzigo juu, 80 inatosha.

Kuhusu kamba, hapa tuna maneno mengi kwa sababu ndipo makosa mengi yalipo. Mpira ni wa kubania turubai lisipigepige, basi. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, na mvua ya huku hunyesha na jua likatoka ndani ya saa moja. Ya nailoni ina nguvu lakini hunyooka, zaidi ikilowa. Tunachokiamini ni mkanda bapa wenye kikazio cha chuma, ule wanaotumia madereva wa malori pale mpakani. Soma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda, kinaeleza unahimili uzito gani. Mkanda usio na maandishi yoyote, au uliochanika ukingo, usiuamini.

Kipimo cha kufunga ni hiki. Wanaofunga mizigo ya malori Ulaya hutumia hesabu kwamba ukikanyaga breki kwa nguvu, mzigo husukumwa mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Mzigo wako wa kilo 40 unaweza kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 32. Mkanda unaopita juu tu, kutoka kushoto kwenda kulia, unaubana mzigo chini lakini hauuzuii vizuri kuteleza mbele. Weka wa pili unaozuia mbele, upite mbele ya mzigo kisha ushuke kwenye kingo za keria pande zote mbili. Kitu kirefu kama ngazi au mbao kifungwe pia ncha ya mbele na ya nyuma mpaka kwenye zile ndoana za kuvutia gari zilizo chini ya bampa, na nyuma kifungwe kitambaa chekundu.

Mkanda ukiupa msokoto mmoja kabla ya kuukaza, hautapiga kelele ile ya kuvuma njiani. Na ukishatoka, simama baada ya kilomita 10 hivi ukaze tena. Mzigo hukaa sawa ukishatikisika kidogo, na mkanda uliokuwa mgumu nyumbani utaukuta umelegea. Sisi huwaambia wateja wanaotoka Busia wakague kabla ya kufika Bugiri, kisha Iganga, kisha kabla ya kuvuka daraja jipya la Nile pale Jinja.

Miguu ya keria pia haifanani kwa kila gari. Hiace ina mfereji wa mvua pembeni mwa paa, na keria hushika hapo, tena kwa miguu mingi. Noah na Voxy nyingi zina paa laini, kwa hiyo vishikio huingia kwenye kingo za milango, na lazima viachie njia ya mlango wa kuteleza. Sisi hatuchomelei keria moja kwa moja kwenye paa, hata mteja akiomba. Moto unaunguza rangi na kinga ya bati kwa ndani, kutu inaanzia mahali ambapo jicho halifiki, na kitambaa cha dari kinaweza kushika moto. Kutoboa pia hatukupendi. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana mifuko ya hewa iliyofichwa pembeni mwa dari.

Mlango wa nyuma wa Noah hufunguka kwenda juu. Mzigo ukizidi nyuma utaugonga, na kioo kikivunjika ni hasara yako. Urefu wa gari nao unabadilika: Noah yenye mita 1.8 na zaidi, ukiongeza keria na mzigo, inakaribia mita 2.5. Ukumbuke hilo kwenye geti la shule.

Ndani ya gari, tafadhali usipange mzigo ukapita kimo cha mgongo wa kiti cha mwisho ambako watoto wamekaa. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya mita moja, kila kilicholegea kinaruka mbele kwa nguvu ya karibu mara kumi ya uzito wake. Jerikeni la mafuta ya kupikia la lita 20 lina kilo kama 18. Fikiria kilo 180 zikimfikia mtoto kisogoni.

Upepo wa tairi uupime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kikiandika 240 kPa, kwenye pampu ya kituo cha mafuta ni kama 35 psi. Na nyuma ikiwa nzito, taa za mbele huinuka na kuwaumiza macho wanaokuja, hivyo zishushe kwa kile kigurudumu kidogo kilicho karibu na usukani, kama gari lako linacho.

Ukija kwetu, njoo na gari likiwa tupu, na mzigo wenyewe au orodha yake. Tuna mizani ya magunia pale mlangoni, tutapima kila kitu mbele yako bila malipo, tukuambie kipi kiende juu na kipi kibaki ndani, kisha ndipo tuzungumze keria ya aina gani na bei yake. Kama tayari una keria, tutakagua raba, nati na vishikio, kazi ya kama nusu saa. Kufunga keria mpya huchukua nusu siku. Ijumaa tunasimama kuanzia saa sita na nusu kwa ajili ya swala, tunarudi saa nane.